Baiskeli Isiyojua Kupumzika

Wiki mbili zilizopita nilifuta video tatu, zile tatu zilizotazamwa kuliko zote nimewahi kuweka. Mmeniuliza sana mbona. Wengine mmesema nimelipwa, wengine mmesema nimeogopa makarao. Nitawaambia, lakini itabidi mnivumilie, ju hii stori haianzi Fedha. Inaanza mbali, kabla hata Nairobi iwe Nairobi.

Kwanza kwa wale hawajawahi kuipanda. Fiksi ni baiskeli ya giya moja ambayo haina friwili. Kwa baiskeli ya kawaida ukiacha kukanyaga, gurudumu la nyuma linaendelea kujizungukia na unasikia ule mlio wa tik tik tik. Huo mlio ndio friwili. Kwa fiksi, sproketi ya nyuma imefungwa na gurudumu kama ndoa ya kanisani. Gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka, upende usipende. Ukiteremka, miguu yako inateremka kwa mwendo ule ule. Hakuna mahali unaambiwa sasa pumzika kidogo.

Mimi hutoka Fedha saa kumi na moja na nusu asubuhi, kabla Outering haijaamka vizuri. Napita penye Taj Mall ilikuwa kabla ibomolewe 2018, naenda hadi Donholm, nashika Jogoo Road, City Stadium, hadi tao. Ni kama kilomita 12. Baiskeli yangu ina meno 46 mbele na 16 nyuma, kwa hivyo kila pedali ikizunguka mara moja nimesonga kama mita 6. Piga hesabu. Ni kama mizunguko 2,000 kutoka mtaani hadi tao, na hakuna hata mmoja nimepewa bure.

Mwezi wa kwanza ni mateso. Unasahau, unataka kupumzisha miguu kidogo, na baiskeli inakurusha kama punda amechokozwa. Halafu kuna siku inakuingia. Unaanza kusoma barabara mita hamsini mbele, ju unajua kusimama ghafla si rahisi. Unamwona makanga akiegemea mlango kwa njia fulani na unajua hiyo mat inaingia steji sasa hivi. Mteremko unausikia kwa mapaja kabla macho hayajauona. Ukitaka kupunguza mwendo unapunguza kwa miguu, vile mtu anayetembea hupunguza, na baada ya muda hufikirii tena kuhusu baiskeli, unafikiria tu kuhusu kwenda. Nimejaribu kueleza hii kitu kwa video nikashindwa. Kamera inaona miguu ikizunguka, basi.

(Wale wa fiksi pekee, someni hapa, wengine ruka. Kama unapenda kuskidi, usiweke 48 kwa 16. Hiyo ni tatu kamili, maana yake kila ukifunga miguu tairi inakwaruza lami mahali pale pale. Itakuisha sehemu moja na ingine yote bado mpya. 46 kwa 16 inakupa sehemu nane tofauti. Hesabu za shule zilikuwa na kazi, nani alijua.)

Sasa, maneno ya mtaa. Nikipita, wazee wa steji wanasema hiyo ni ujinga ya wazungu. Anti yangu alinitazama juu chini akasema, "Umeacha chuo, sasa umeacha hata breki?" Ilichoma, siwezi danganya. Nikajibu vile mtu wa kizazi chetu anajibu, nikatengeneza video. Nikasema baiskeli ya kwanza kabisa duniani ilikuwa fiksi, kwamba haikuwa na breki, na kwamba breki zililetwa baadaye kwa ajili ya waoga. Nikaweka na mimi nikiskidi pale chini ya daraja la Donholm. Ililipuka.

Nusu ya nilichosema ni kweli. Tuanze na hiyo.

Miaka ya 1860 huko Paris, fundi anaitwa Pierre Michaux pamoja na wanawe walikuwa wanatengeneza baiskeli zenye pedali kwenye gurudumu la mbele. Hakukuwa na cheni. Mzunguko mmoja wa pedali ni mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwa hivyo kama unataka mbio kuna njia moja tu, gurudumu kubwa zaidi. Ndio mkaona zile picha za mzungu ameketi juu ya gurudumu refu kama mlango, na kagurudumu kadogo nyuma. Watu hucheka wakiziona, lakini si ushamba, ni hesabu. Gurudumu la mita 1.5 kutoka ukingo hadi ukingo linakupa kama mita 4.7 kwa kila mzunguko. Na ju pedali hazingeweza kuacha kuzunguka, wakifika mteremko walikuwa wanatoa miguu na kuipandisha juu ya usukani, wanaacha pedali zizunguke zenyewe kama feni. Ukigonga jiwe hapo, unatangulia na uso.

1885, kule Coventry, Uingereza, John Kemp Starley akatoa Rover. Magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, cheni inaenda nyuma. Yaani baiskeli vile unaijua. Miaka mitatu baadaye Dunlop akaleta tairi la upepo kule Belfast. Lakini bado ni fiksi. Friwili ilikuja kuenea karibu na mwisho wa miaka ya 1890. Kwa hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, karibu kila mtu aliyepanda baiskeli popote duniani alikuwa anapanda kile kitu wazee wa steji wananichekea.

Hapo sasa ndipo 1899 inaingia. Mwezi wa tano mwaka huo, reli kutoka Mombasa ilifika kwa kinamasi tunachoita Nairobi. Kambi, mahema, matope. Mwezi wa nane mwaka ule ule, kule Montreal, Kanada, kijana Mweusi wa miaka 20 anaitwa Major Taylor alishinda ubingwa wa dunia wa mbio fupi za baiskeli, maili moja. Alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa baiskeli, na kwa michezo yote Mtu Mweusi mwingine aliyekuwa amemtangulia kwa ubingwa wa dunia ni bondia, George Dixon. Na Taylor alikuwa juu ya fiksi, ju baiskeli ya uwanjani ni fiksi mpaka leo.

Nilipoisoma hii mara ya kwanza nilikaa kitandani nikitazama ukuta. Hakuna mtu aliwahi kuniambia. Yaani mji wangu ulikuwa bado ni kambi ya reli, na mtu anayefanana na mimi tayari alikuwa amewashinda wote kwa hii baiskeli naambiwa ni ya wazungu.

Na hawakumwachia. Chama kikubwa cha waendesha baiskeli Marekani kilikuwa kimepitisha mwaka 1894 kwamba Weusi hawawezi kuwa wanachama. Uwanjani wenzake walikuwa wanaungana kumfungia njia, anabanwa katikati asipate mahali pa kutokea. Akajifunza kusubiri mwanya na kuupasua kabla haujafunga. Mtu wa mat ataelewa hii mbinu vizuri. Jumapili alikataa kushindana kwa sababu ya dini, hata pesa ikiwa kubwa kiasi gani. Alienda Ulaya, akaenda Australia, akashinda huko kote. Halafu pesa ikaisha. 1928 alijichapishia kitabu cha maisha yake na kukiuza mlango kwa mlango. Fikiria hiyo, bingwa wa dunia anabisha mlango wako na kontenti yake mkononi. Alikufa Chicago 1932, akazikwa sehemu ya maskini, kaburi halina jina. Ni 1948 ndipo waendesha baiskeli wa zamani walimhamisha wakamwekea jiwe.

Tour de France yenyewe, ile mbio Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyelelewa kimchezo na David Kinjah pale Kikuyu, alishinda mara nne, ilianza 1903 na mwanzilishi wake alichukia mambo ya kubadilisha giya. Aliona ni ya wazee. Hadi 1937, ukifika mlima ulikuwa unashuka, unatoa gurudumu la nyuma, unaligeuza upande wa pili wenye sproketi ya mlima, unafunga, unaendelea. Tuachane na hao.

Tuende New York, ju huko ndiko fiksi ilitoka uwanjani ikaingia barabarani kama kazi. Miaka ya sabini na themanini, kabla ya barua pepe, ofisi za Manhattan zilikuwa zinatuma karatasi kwa vijana wa baiskeli. Unalipwa kwa idadi ya bahasha. Wengi walikuwa Weusi na wahamiaji kutoka Karibi, mahali mbio za uwanjani zilipendwa, kwa hivyo fiksi walikuwa wanaijua tayari. Na ilikuwa na maana kwa kazi. Haina giya za kuharibika, haina waya nyingi, kurekebisha ni bei ya chakula cha mchana. Mmoja wao ni Nelson Vails, kijana wa Harlem. Alikuwa anapeleka bahasha mchana na kufanya mazoezi na muda uliobaki. Olimpiki ya Los Angeles 1984 akachukua fedha kwa mbio fupi za uwanjani. Fedha. Nilicheka peke yangu hapo, nikiwa Fedha.

1987 meya wa New York, Ed Koch, alitangaza kupiga marufuku baiskeli mchana wa siku za kazi kwa barabara tatu kubwa za katikati ya mji, Fifth, Park na Madison. Wale vijana walijaza barabara na baiskeli zao siku baada ya siku, na mwishowe mahakama ikazuia hiyo marufuku. Mtoto yeyote wa Eastlands aliyewahi kufukuzwa tao na kazi yake mkononi anaijua hiyo stori, tofauti ni tu majina ya barabara.

Baada ya hapo, miaka ya 2000, watoto wenye pesa wakaipenda, wakaipaka rangi ya waridi, bei ikapanda, na hapo ndipo sisi tukaiona kwa simu na tukadhani wao ndio wameianzisha.

Haya. Hiyo ndiyo nusu ya kweli, na bado nasimama nayo.

Mwezi uliopita, jioni, nikiwa kwa keja nahariri, mathe wa jirani alinipigia simu. Kijana wake ako Grade 9. Alikuwa amebadilisha baiskeli yake kuwa fiksi, akatoa breki zote mbili, vile aliona kwa video yangu. Akateremka upande wa Tassia, nduthi ikakata mbele yake, akajaribu kufunga miguu, miguu haikutosha. Mfupa wa bega ukavunjika. Nduthi haikusimama. Nilipofika hospitali, mamake hakunigombesha, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alinionyesha tu simu ya kijana. Ilikuwa imesimama kwa video yangu, pale ninaposema breki ni za waoga. Kijana mwenyewe alikuwa ananitabasamulia na mkono umefungwa, anauliza kama niliona vile skidi yake ya kwanza ilikuwa poa.

Usiku huo nikaanza kusoma upya. Si kwa ajili ya kontenti.

Zile baiskeli za Michaux zilikuwa na breki. Ulikuwa unapindisha usukani, kamba inavuta kipande kinachobana gurudumu la nyuma. Yale magurudumu makubwa mengi pia yalikuwa na breki, kibamba cha chuma kinachokandamiza tairi la mbele kutoka juu. Kwa hivyo fiksi ya kwanza ya barabarani ilikuwa na breki, na aliyeiweka ni fundi yule yule aliyeweka pedali. Mimi niliona picha, sikuiona hiyo kamba, nikaenda kuambia watu maelfu kwamba haikuwepo.

Isiyo na breki ni ya uwanjani, na kule ina sababu. Wote mnazunguka upande mmoja. Hakuna anayevuka, hakuna mat, hakuna mama wa mboga. Kama mwenzako mbele yako angeweza kufunga breki ghafla, ungemwingia mgongoni, kwa hivyo usalama wa uwanjani ni kwamba hakuna mtu hata mmoja anayeweza. Chukua baiskeli hiyo uilete Jogoo Road, kila mtu ana breki isipokuwa wewe. Kitu ni kile kile, kimegeuka kabisa.

London, 2016, kijana wa miaka 18 juu ya fiksi ya uwanjani isiyo na breki ya mbele alimgonga mama aliyekuwa anavuka barabara. Mama akafa. Kule sheria inataka breki ya mbele, ya nyuma inaruhusiwa iwe miguu yako. Mwaka uliofuata kijana alifungwa miezi 18, na walilazimika kutumia sheria ya 1861, ya enzi za magari ya farasi. Nimeisoma hiyo kesi zaidi ya mara tatu. Umri wake unanisumbua. Si mhalifu, ni mtu anayependa kitu ninachopenda.

Nikampigia kuka. Kuka yangu alibeba watu Busia kwa Blackmamba, ile baiskeli nzito nyeusi ya chuma, enzi za boda boda ya kweli. Wengi wetu tunadhani boda ni pikipiki, lakini ilianza na baiskeli pale mpakani miaka ya 1960. Kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda kulikuwa na mwendo, mtu ana mizigo, gari halivuki bila makaratasi, basi vijana wa baiskeli wanaita wateja kwenda mpaka kwa mpaka. Jina likatoka hapo. Pikipiki zilikuja kulirithi baadaye sana.

Nilitaka anipe pongezi kidogo, siwezi ficha. Nikamweleza fiksi ni nini, vile miguu haipumziki. Alielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Akasema hata kwa Blackmamba, ukiwa umebeba mtu mzito na gunia la mahindi, hupumziki, na kuna siku alikuwa anahisi baiskeli, mteja na yeye ni mtu mmoja anayepumua. Nikasema ndiyo, kuka, hiyo ndiyo. Halafu nikamwambia kuhusu breki.

Akanyamaza. Akaniambia Blackmamba ilikuwa na breki za vyuma virefu kutoka usukani, hazina waya, na kila asubuhi kabla ya chai alikuwa anazikagua. Mteja wa Busia hakuangalia rangi wala kengele. Alikuwa anakuambia inua gurudumu, fungia nione. Ukishindwa, anapanda ya jirani yako.

Nikamwambia, "Lakini mimi sibebi mtu, kuka."

"Na huyo wa bega," akasema, "alikuwa amepanda ya nani?"

Nikafuta video kesho yake. Utamu sikuufuta, bado nautangaza. Saa kumi na moja na nusu asubuhi bado niko Outering, na kama unataka kujifunza njoo, kuna wengine wawili wa Nyayo Estate pia. Lakini kuna sharti la breki ya mbele, na sitapiga video ya mtu asiye nayo.

Breki yangu mwenyewe ilikuwa na historia fupi. Fremu yangu ni ya chuma, ya zamani, ilikuja na zile mtumba za Uingereza, na ilikuja na breki mbili nzuri tu. Nilizitoa mwenyewe mwaka jana nikaziuzia fundi wangu mia tatu zote mbili, nikijiona nimemlalia. Jumamosi nilirudi kwake, nikamwambia, "Mzee, nataka ya mbele." Akachimba kwa kile kindoo chake cha vyuma, akatoa moja, akaipangusa na mafuta ya taa, akaifunga, akanyoosha waya.

Ni ile ile yangu. Bado ilikuwa na stika nilibandika kwa mkono wake.

"Ngapi, mzee?"

"Mia sita, kijana wangu."

Nikalipa. Ya kijana bado tunatafuta, fremu yake inataka yenye mikono mirefu kidogo. Kama kuna mtu ako nayo huko kwenu, nitakuja kuichukua. Nitakuja na baiskeli.